Chungu Kisicho na Moto

Chungu kilikuwa kinachemka, na chini yake hapakuwa na moto.

Fanueli alikiona kwa pembe ya jicho, akakipita, kisha akarudi kukitazama vizuri. Kazi yake ilikuwa kupima udongo wa wakulima katika maabara, na hakuwa na tabia ya kusema kitu kabla hajakihakikisha. Akahakikisha. Mafiga matatu. Chungu kikubwa cha udongo, cheusi kwa masizi. Povu likipanda hadi ukingoni, likishuka, likipanda tena. Na katikati ya mafiga, nyasi za uwanja wa mpira, mbichi, zina umande, hata hazijanyauka.

Wana jiko la gesi, aliwaza, wamelificha ili banda lionekane la kizamani. Jibu hilo halikumtosha, lakini alilichukua.

"Baba, unasimama kama mkaguzi," binti yake alimwambia.

"Mimi ni mkaguzi."

"Wa udongo. Leo kagua mishikaki."

Fanueli alicheka, kicheko kifupi cha puani, na Loveness akageuka kumtazama haraka, kama mtu aliyeona taa imewaka katika nyumba aliyodhani imehamwa. Marta, mke wa Fanueli na mama wa Loveness, alikuwa amezikwa mwezi wa pili. Tangu hapo Fanueli alikuwa amejifunza kulala upande mmoja wa kitanda bila kuugusa ule mwingine. Loveness, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita na kusubiri chuo, alikuwa amejifunza kulia bafuni huku maji yakimwagika kwenye ndoo. Yeye ndiye aliyemwomba baba yake waje kwenye tamasha. Alimwambia: tukikaa ndani Jumamosi nyingine, mimi nitapiga kelele. Wakaja.

Lilikuwa tamasha dogo la mji mdogo, la vyakula na vinywaji, linalofanyika kwenye uwanja wa mpira wakati baridi ya Lushoto inapokuwa kali na watu wanatafuta kisingizio cha kusimama karibu na majiko. Mabanda ya turubai yalikuwa yamepangwa kufuata mistari ya goli. Watu wa Gare walileta jamu ya plamsi na pichesi. Watu wa Bumbuli walileta chai. Wanaume kutoka Bungu walikuwa wakikamua miwa ya boha, pombe ya milimani, huku wakitukanana kwa Kishambaa kwa furaha kubwa. "Onga mshi, Lushoto!" kijana wa kipaza sauti alisalimu kwa Kishambaa. "Wageni karibuni! Wenyeji, msile mkamaliza!" Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka msituni, mweupe na mzito, na magoli ya upande wa pili yalikuwa yameshatoweka.

"Shemeji! Shemeji Fanueli!"

Alikuwa Bi Rukia, mwanamke mnene mwenye mtandio wa zambarau, anayepanda kutoka Tanga kila mwaka na visheti na kashata zake. Kwa miaka mingi banda lake lilikuwa ubavuni mwa banda la togwa la Marta, na wawili hao walikuwa wameitana dada mpaka wenyewe wakasahau kwamba hawakuzaliwa tumbo moja.

"Shikamoo, mama mdogo," Loveness alisema.

"Marahaba, mwanangu. Njoo hapa." Alimkumbatia, akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, kisha akamshika mkono juu ya kiwiko na kuuminya. "Huu mkono au kijiti cha mshikaki? Shemeji, huyu mtoto anakula nini?"

"Anakula."

"Anakula hewa. Kula kisheti." Akampa vitatu. Kisha akashusha sauti. "Shemeji, nilitaka kukuuliza. Nafasi ya marehemu umempangisha mtu?"

Fanueli akageuka. Alikuwa hajaitambua nafasi ile kwa sababu mwaka huu turubai zilikuwa za rangi nyingine. Chungu kile, mafiga yale, vilikuwa mahali pa Marta.

"Sikumpangisha mtu."

"Basi sijui. Nimefika asubuhi nikamkuta. Nimemsalimu, kimya. Nikasema labda kiziwi. Lakini, shemeji, angalia." Alionyesha sinia zake. Nzi walikuwa wamejaa juu ya kashata. Aliwapunga kwa kipande cha boksi wakaruka wakarudi. "Mimi nimepigana nao toka asubuhi. Kwake hajatua hata mmoja. Togwa tamu, chungu wazi, hata nzi wa kusingiziwa hakuna."

Fanueli alitazama. Mwanamke mrefu alisimama nyuma ya chungu, amejitanda kitenge hadi kwenye paji la uso, akichota kwa kata na kumimina kwenye vikombe vya plastiki. Mbele yake kulikuwa na foleni, ndefu kuliko ya boha. Na ilikuwa kimya. Kote uwanjani watu walikuwa wakibishana, wakicheka, wakiita watoto. Foleni ile ilisogea kama foleni ya watu wanaokwenda kuaga mwili. Aliyefika mbele alikunywa, akafumba macho, akazunguka nyuma ya banda, akajipanga tena mwishoni.

Katika foleni alimwona mzee Tobia, jirani yao wa upande wa chini, mkulima wa karoti asiye na mke wala mtoto, mtu ambaye hakuweza kupita mahali bila kumtania mtu. Hakuwa anamtania yeyote. Midomo yake ilikuwa ikicheza.

"Mzee Tobia, shikamoo. Vipi, umehamia kwenye togwa?"

Mzee aligeuka polepole. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi na uso wake ulikuwa wa mtoto. "Mama ananinywesha," alisema. "Ananishika kisogo, hivi. Ananinywesha."

Mama yake mzee Tobia alikufa kabla Fanueli hajazaliwa.

Ndipo harufu ikamfikia. Ilikuja chini chini, chini ya moshi wa nyama na ukali wa miwa, kama mtu anayepita kwa kuinama katikati ya umati. Kimea cha ulezi. Mchaichai. Na nyuma yake, kidogo sana, harufu ya kuungua. Marta alikuwa mpishi hodari mwenye kosa moja: alipokoroga togwa aliimba, na alipoimba alisahau, na kila chungu chake kiliungua chini kidogo. Wateja walidhani ni siri ya upishi. Fanueli alimtania kwa hilo miaka yote ya ndoa yao. Hakuna mtu mwingine duniani aliyepika togwa ikaungua namna ile, kiasi kile. Alijua hivyo kama alivyojua jina lake.

Aligeuka kumtafuta Loveness. Visheti vitatu vilikuwa juu ya meza ya Bi Rukia, havijaguswa, na Loveness alikuwa mbele ya foleni, anapokea kikombe. Nyuma yake hakuna aliyelalamika kwamba amepita kati.

Fanueli hakukimbia. Alitembea haraka, kama mtu anayeona mtoto amesimama ukingoni mwa korongo na anaogopa kumshtua. Alipofika, kikombe kilikuwa kitupu.

"Shikamoo, mama," Loveness alikuwa anamwambia mwanamke yule, kwa sauti ya usingizi. "Naomba kingine."

Mwanamke hakusema marahaba. Alichota tu. Fanueli alitazama mikono ile ikifanya kazi na kuona kwamba ilikuwa safi mno, haina jivu, haina kovu la mvuke, haina hata mistari viganjani. Na alipoinua macho kumtazama usoni, aliona sura ambayo haikuwa mbaya hata kidogo, ila ukigeuza macho pembeni hukuweza kukumbuka ilikuwaje.

"Baba, onja," Loveness alisema. "Ni ya mama. Ni ya mama kabisa."

"Umekunywa vingapi?"

"Sijui. Onja."

Mwanamke alimnyooshea Fanueli kikombe. Kilikuwa cha moto, na mikono ya Fanueli ilikuwa na baridi toka mwezi wa pili. Alikipokea. Akasubiri.

Alisubiri kwa mazoea tu. Huku milimani anayekupa kinywaji hunywa kwanza. Hachukui kikombe chake. Anakunywa kile kile atakachokupa, funda moja, mbele ya macho yako, kisha anafuta ukingo kwa kidole gumba na kukukabidhi. Wazee husema ni kwa ajili ya sumu na uchawi. Marta alisema ni adabu, basi. Wakati wa uchumba Fanueli, aliyerudi kutoka chuo kikuu na habari nyingi za vijidudu, alimweleza kwamba si vizuri kiafya. Marta alimsikiliza mpaka mwisho, akanywa funda la pili, taratibu, akimtazama, ndipo akampa.

Mwanamke wa banda hakuinua mkono. "Tumekatazwa," alisema. Sauti yake ilikuwa kavu, kama majani yanayoburuzwa na upepo.

Ilikuwa kweli. Mwaka huo kamati ya tamasha ilikuwa imetangaza kwamba mwenye banda asionje kwenye kikombe cha mteja, kwa usafi, kwa heshima ya wageni, na watu wote walikubali, wakanunua vikombe vya kutupwa, wakajiona wa kisasa. Fanueli mwenyewe aliposikia tangazo lile alitikisa kichwa kwamba ni jambo jema. Sasa alisimama na kikombe mkononi, na togwa ikamgusa mdomo wa juu.

Na Loveness akasema, "Baba Loveness, umekonda."

Hakuwa Loveness. Ilikuwa sauti ya Marta, na si kwa kufanana. Ilikuwa na ule mkwaruzo mdogo mwishoni mwa neno, ilikuwa na Kishambaa chake ndani ya Kiswahili, ilikuwa na uchovu wa jioni na ule uchokozi wake wa asubuhi. Ilitoka katika kinywa cha binti yake ambacho kilikuwa kinatabasamu upande mmoja tu, kama Marta alivyotabasamu, na Fanueli, aliyekuwa amekesha usiku baada ya usiku akijaribu kuikumbuka sauti hiyo na kuiona ikimponyoka kidogo kidogo kama jina la mtu uliyesoma naye, aliisikia imesimama mbele yake, nzima, ya moto, inamuuliza kwa nini shati lake halijapigwa pasi, nani anampikia, kwa nini amenyamaza, kwa nini hanywi, na ukungu ukashuka juu ya banda mpaka uwanja wote ukawa ni wao watatu na chungu kinachochemka.

"Loveness yuko wapi?" aliuliza. Alishangaa kwamba alikuwa na pumzi ya kuuliza.

"Yupo. Amelala. Amechoka kulia, mtoto wa watu. Mwache alale."

"Mpaka lini?"

"Kunywa kwanza. Kunywa, useme karibu nyumbani, tuondoke. Kuna baridi." Tabasamu la upande mmoja. "Nyumba yenyewe ndogo, mume wangu. Watatu hatuenei."

Fanueli alikiondoa kikombe mdomoni. Alikitazama kwa muda. Hakuna aliyemlazimisha, hakuna aliyemshika mkono. Kilichotakiwa ni neno lake tu, neno la mwenye nyumba, na kiti kilichokuwa wazi mezani kingejaa, na ubaridi wa ule upande wa kitanda ungekwisha. Alijua bei yake. Alikuwa ameisikia kwa masikio yake. Na kwa nukta fulani, ambayo baadaye hakutaka kuipima, alisimama kati ya mambo hayo mawili na hakusogea.

Mkono ulimshika shati kwa nyuma. Ni Bi Rukia, amepiga magoti nusu nyuma yake, mtandio umemdondoka, meno yanagongana.

"Shemeji," alinong'ona. "Shemeji, nisikilize, usibishane naye. Hawa hawaambiwi hapana. Muulize anataka nini, umpe, aondoke kwa wema. Kuku mweupe. Marashi. Ubani. Nina mtu Korogwe, fundi, atakuja hata leo, atazungumza naye vizuri."

"Anachotaka nimekisikia."

"Basi mbembeleze! Mpunguzie! Mpe nusu!"

"Nusu ya mtoto?"

"Shemeji, watu wanakufa kwa kiburi!"

"Bi Rukia," Fanueli alisema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya maabara, "mwaka huu nimeshatoa mmoja. Hapewi mwingine. Hapewi hata kuku."

Akamnyooshea mwanamke wa banda kikombe chake.

"Anza wewe."

Povu chunguni lilisimama mahali lilipokuwa, halikupanda wala halikushuka. "Tumekatazwa," mwanamke alisema.

"Umekatazwa kwa wateja. Mimi si mteja. Umesimama mahali pa mke wangu, unanipa togwa ya mke wangu, na mke wangu hakuwahi kunipa hata maji bila kuanza yeye. Na nikuambie jambo jingine." Alisikia hasira ikimpanda kutoka miguuni, safi, ya moto, kitu cha kwanza cha moto mwilini mwake kwa miezi. "Togwa haiwezi kuungua pasipo moto. Umeiba mpaka kosa lake. Anza."

"Fanueli," sauti ya Marta ilisema kutoka kwa Loveness, "usinifedheheshe mbele za watu."

"Anza!"

Katika foleni, mahali fulani ndani ya ukungu, mwanamke mmoja alikohoa kama anayeamka. "Hivi kweli," alisema, "mbona huyu hajaanza? Toka asubuhi, nani amemwona akionja?"

"Mimi sijamwona," mwingine akajibu.

"Wala mimi."

"Watu wazima tunapewa pewa tu kama kuku!"

"Aanze!" mwanamume wa Bungu alinguruma, panga la miwa mkononi. "Mwenye chungu aanze!" Na neno lile likapita kwenye foleni kutoka kinywa hadi kinywa, wengine wakilisema kwa Kishambaa, wengine kwa Kiswahili, wengine wakilisema huku wanalia kwa sababu walijua watakachopoteza, mpaka uwanja mzima ulikuwa unapiga ukelele mmoja, na kipaza sauti kikanyamaza.

Yule mwanamke akapokea kikombe. Akakiinua.

Togwa ilifika kwenye midomo yake ikakataa kuingia. Ilisimama pale kama maji juu ya jani la gimbi, ikatetemeka, ikaanza kutiririka kidevuni, na wote waliokuwa mbele waliona kwamba kinywa kile kilikuwa kimechorwa tu juu ya uso, kwamba nyuma ya midomo hapakuwa na meno wala ulimi wala koo, hapakuwa na tundu hata la kupitisha uzi. Na togwa ikashuka juu ya kitenge bila kukilowesha, ikadondoka chini, na pale ilipodondoka nyasi mbichi zilizokuwa na umande zikawaka, moto mwekundu usio na moshi ukatambaa chini ya mafiga kama uliokuwa umefichwa hapo wakati wote, na vinywa vya wote waliokunywa vikafunguka mara moja, na kutoka humo zikalia sauti za watu wengine, za bibi na watoto wachanga na waume waliofia mbali, sauti nyingi zikisema kitu kimoja, zina kiu, zina kiu, zina kiu.

Loveness alikuwa akisema hivyo pia. "Fanueli, nina kiu. Usininyime. Fanueli."

Alimshika binti yake kwa mkono mmoja. Kwa mkono mwingine alichota kikombe cha maji kwenye ndoo ya Bi Rukia, maji ya bomba, ya baridi, yenye kipande cha kashata kinachoelea. Alikunywa funda moja mbele ya macho yake. Alifuta ukingo kwa kidole gumba.

"Mimi nimeanza," alisema. "Sasa kunywa, Loveness."

"Mimi ni Marta."

"Marta hakuwahi kuniomba mtoto. Kunywa, Loveness. Baba yako anakupa."

Loveness aligeuza uso. Fanueli akaurudisha kwa kiganja, si kwa nguvu, akaweka kikombe mdomoni pake na kukishikilia. Alijua kwamba sauti ile ikitoka haitarudi. Alijua, kwa uhakika wa mtu aliyekwisha kuzika, kwamba anaisikia mara ya mwisho, na iliendelea kumwita jina lake wakati maji yakiingia, ikazidi kuwa ndogo, kama redio inayopelekwa chumba kingine, kisha nje, kisha barabarani. Mkono wake haukutikisika. Loveness alimeza. Akaguna, akainama, akatapika juu ya viatu vya baba yake kitu cheusi chenye ubaridi wa barafu, akakaa chini kwenye nyasi na kuanza kulia kwa sauti yake mwenyewe, sauti mbaya ya makamasi, na Fanueli aliona hajapata kusikia kitu kizuri kama hicho.

Alipoinua macho, banda lilikuwa tupu. Chungu kilikuwa kimepasuka. Ndani yake kulikuwa na udongo mwekundu uliolowa. Alichukua kidogo, akausugua kati ya vidole, na hakuhitaji maabara. Ulikuwa wa mteremko wa makaburi ya kanisani, alikozikwa Marta. Aliumwaga chini, akajipangusa.

Watu walikuwa wanapeana maji, kila mmoja akianza mwenyewe. Wengine walikuwa wamekaa wanatetemeka. Bi Rukia alikuwa anasoma dua kwa sauti ya juu na kuwapunga nzi, ambao walikuwa wamerudi kwa wingi kila mahali.

Mzee Tobia peke yake hakupokea maji. Alikuja mpaka mbele ya Fanueli, akatema mate karibu na mguu wake.

"Umemfukuza mama yangu."

"Mzee Tobia, hakuwa mama yako."

"Wewe umempata wako, yuko hapo analia. Mimi nina nani? Karoti?" Mdomo ulimcheza. "Wewe ni msomi, kataa. Mimi nilishamkaribisha. Toka asubuhi. Nilimwambia karibu nyumbani, mama." Akaondoka kwa kujikokota, akaingia katika ukungu, na ingawa alikuwa peke yake alitembea ubavuni mwa njia, kama anayemwachia mwenzake nafasi.

Jumapili walikwenda kanisani, wakarudi, na Loveness akapika maharage. Alikuwa bado dhaifu, koo linamuuma, lakini alikataa kusaidiwa. Jua lilikuwa limetoka. Ukungu ulikuwa umepanda na mashamba ya bondeni yalionekana yote, tuta kwa tuta. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Chakula kilikuwa kimezidi chumvi, kimezidi sana, na maharage yalikuwa magumu kiasi cha kusikika sahanini. Fanueli alikula.

"Ni mabaya," Loveness alisema.

"Ni mabaya."

"Kwa nini unayala?"

"Kwa sababu umeyapika wewe."

Wakati huo ndipo sauti ilipokuja. Ilitoka ng'ambo ya ua, upande wa chini, nyumbani kwa mzee Tobia, ambako toka asubuhi moshi haukuwa umetoka jikoni. Haikuwa sauti ya mama yake mzee Tobia. Ilikuwa na mkwaruzo mdogo mwishoni mwa neno.

"Baba Loveness," iliita, kwa upole, kama mtu anayeomba kiberiti. "Mbona mmekula bila mimi?"

Kijiko kilimdondoka Loveness. "Baba. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Baba Loveness. Niko hapa jirani tu."

"Usiitike," Loveness alinong'ona. "Baba, nakuomba, usiitike."

"Siitiki." Fanueli alimaliza kilichokuwa sahanini, mpaka harage la mwisho. Kisha alisukuma sahani mbele, na akasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika mezani, sauti ya kuvuka ua: "Niongezee, mwanangu. Jaza. Na upakue nyingine ya mzee Tobia, hajala huyo toka jana."

"Utampelekea? Kule?"

"Ni jirani yangu. Sitamwacha na hicho kinachoita."

Loveness alipakua, mchuzi ukimwagika. Sauti iliita tena, karibu zaidi, sasa nyuma tu ya ua, ikimtaja kwa jina ambalo Marta alikuwa akimwita chumbani na ambalo hakuna mtu mwingine aliyewahi kulijua. Fanueli alifunga vifungo vya mikono ya shati lake, akachukua sahani, akatoka nje kwenye jua, na kuteremka moja kwa moja kuelekea ilikotoka sauti.